Kwa wasanifu majengo wapya: kabla ya kuchora, jueni nani anaishi kiwanjani

Mkipewa kiwanja, mtapima mteremko, jua na upepo. Nawaomba muongeze kazi moja: nendeni pale alfajiri na magharibi, mtazame ni wanyama gani wanapita, wanapitia wapi na wanalala wapi. Mlinzi wa jirani muulizeni pia, atawaambia mengi.

Kule Diani, pwani ya Kenya, barabara ilipasua msitu, na mbega wakawa wanagongwa na magari au kuuawa na nyaya za umeme zilizo wazi. Shirika la Colobus Conservation limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke kutoka mti hadi mti. Kwa hiyo kwenye ramani msiishie kuonyesha mashina. Choreni matawi hadi yanapogusana, kwani mti mmoja ukiondolewa uani, njia nzima inaweza kukatika.

Popo ndio watakaowasumbua zaidi. Daraja la Congress Avenue mjini Austin, Marekani, lilijengwa upya mwaka 1980, likabaki na mianya mirefu ya zege yenye upana wa sentimita 2 hivi. Hakuna aliyewakusudia popo, lakini kipimo kiliwafaa, na kundi lao sasa hukadiriwa kufika milioni 1.5. Wakazi walitaka waangamizwe. Leo watu husafiri kwenda kuwatazama wakiruka jioni.

Nyumbani, fundi atataka kuziba tundu la dari mchana. Mkatalieni. Mchana popo wamo ndani, watafia humo na nyumba itanuka. Zibeni usiku wakishatoka, na kamwe si msimu wenye vitoto visivyoweza kuruka. Kabla ya hapo tundikeni ukutani nje, juu na mbali na madirisha, kisanduku cha mbao chenye mwanya wa sentimita 2 chini, popo wapate pa kuhamia. Dari yenyewe izibwe kabisa: vumbi la kinyesi chao linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, nami simtetei popo alale juu ya kitanda cha mtoto.

Vioo vikubwa navyo huua ndege, maana huviona kama anga. Kubandika kiooni picha moja ya mwewe ili kuwatisha hakutoshi. Wekeni nukta upande wa nje, zikiachana sentimita 5.

Haya yote yaingie kwenye makadirio ya gharama mapema. Yakiletwa baada ya mkataba kusainiwa, mteja atayaona ni nyongeza na atayafuta.