Maswali Yenu: Hivi Kwanta Inamfanya Mtu Awe Mjanja Zaidi Mchezoni?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba kuna watu wanacheza michezo ya mkakati kwa sheria za fizikia ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni), basi maswali yakamiminika. Nimechagua machache, mengine yanafanana, na moja limeniudhi kidogo nimeliweka mwisho.

Mwalimu shikamoo. Nasoma uchumi mwaka wa pili, nadharia ya michezo (hesabu ya maamuzi ya watu wanaoshindana) tumeigusa, msawazo wa Nash, yaani hali ambayo hakuna anayefaidika akihama peke yake, na vitu hivyo. Sasa nimekutana na madai kwamba mchezaji mwenye sarafu ya kwanta anashinda kila mara, asilimia 100, mwenzake afanye afanyavyo. Si uongo huu? Sarafu si ni nusu kwa nusu?

Marahaba. Sio uongo, ni hesabu ya David Meyer ya mwaka 1999, na ni nzuri sana kwa sababu unaweza kuifuata bila fomula hata moja. Mchezo wenyewe uko hivi: sarafu iko ndani ya boksi, kichwa kimetazama juu. Wa kwanza anacheza, halafu wa pili, halafu wa kwanza anamalizia. Kucheza maana yake unaigeuza au unaiacha, na hakuna ruhusa ya kuchungulia. Boksi likifunguliwa na kichwa kiko juu, wa kwanza kashinda. Kwa sarafu ya kawaida huna ujanja wowote, wa pili akiwa anageuza au kuacha kwa nasibu tu mnabaki nusu kwa nusu.

Sasa toa sarafu weka elektroni, ambayo ina kitu kama mshale: mshale juu ni kichwa, mshale chini ni mkia. Wa kwanza haigeuzi wala haiachi, anaulaza mshale ubavu, tuseme uelekee mashariki. Wa pili anakuja na kazi yake ileile moja, kugeuza, yaani kuuzungusha mshale nusu duara kwenye mhimili wa mashariki na magharibi ili cha juu kiende chini. Lakini mshale umelala juu ya mhimili huohuo! Uzungushe utakavyo, bado unatazama mashariki. Hivyo ageuze asigeuze ni sawasawa, hajafanya kitu. Wa kwanza anarudi, anausimamisha, kichwa juu, mchezo umekwisha.

Ila usishangilie bado. Angalia nani amepewa nini: mmoja anaruhusiwa kuulaza mshale upande wowote anaotaka, mwingine anaruhusiwa mambo mawili tu, geuza au acha. Hapo ushindi umetoka kwenye kanuni za mchezo kabla hata hamjaanza. Mpe na wa pili uhuru uleule, uone kama ile asilimia 100 inabaki. Haibaki, kila hatua ya mmoja inapata jibu la mwenzake, na Meyer mwenyewe alilionyesha hilo kwenye karatasi ileile, ni vile tu watu wanaposimulia wanaishia katikati.

Kaka, nimesoma sehemu kwamba kwanta imelimaliza tatizo la wafungwa wawili, eti ukiwa na chembe zilizofungamana, yaani chembe mbili ambazo matokeo yake yanahusiana hata zikiwa mbali, watu wanaacha kusalitiana. Kama ni kweli mbona hatuitumii kwenye mikataba, biashara, hata siasa?

Kwa ambao hawalijui: wafungwa wawili wamewekwa vyumba tofauti, kila mmoja anyamaze au amsaliti mwenzake. Wakinyamaza wote kila mmoja anapata pointi 3, wakisalitiana wote pointi 1 kila mmoja, na mmoja akisaliti huku mwenzake kanyamaza, msaliti anachukua 5 na yule mwingine 0. Piga hesabu utakavyo, kusaliti kunakulipa zaidi mwenzako afanye lolote lile, kwa hiyo wote wanasaliti na kuishia na 1 wakati 3 zilikuwepo mezani. Ndio maana swali hili limesumbua watu tangu 1950.

Mwaka uleule wa 1999 Jens Eisert, Martin Wilkens na Maciej Lewenstein wakaja na toleo la kwanta. Kuna refa ana chembe mbili, anazifungamanisha, anampa kila mfungwa moja, kila mmoja anaifanyia atakacho kwenye chumba chake, zinarudi kwa refa anazifungua na kusoma matokeo. Ndani ya mpango huo kunatokea hatua ya tatu ambayo sio kunyamaza wala kusaliti. Wakiicheza wote wawili wanapata 3 kwa 3. Na sasa ona utamu wake: ukijaribu kusaliti mbele ya mtu anayeicheza hatua hiyo, wewe ndiye unaangukia 0 na yeye anaondoka na 5! Ukinyamaza mbele yake mnapata 1 kwa 1. Kwa hiyo hakuna faida ya kuhama peke yako, ni msawazo wa Nash kabisa, na safari hii umekaa kwenye 3. Mwaka 2002 wanafizikia waliucheza kweli kwenye kompyuta ya kwanta ya kubiti 2 tu (kubiti ni kipande kimoja cha taarifa cha kompyuta hiyo), matokeo yakafuata hesabu.

Mimi hata hivyo siwezi kusema tatizo limekwisha, na siko peke yangu. Mwaka 2001 Simon Benjamin na Patrick Hayden walionyesha kwamba wale watatu waliwawekea wachezaji kikomo, hawakuwaruhusu kila kitu ambacho kwanta inaruhusu. Ukifungua mlango wote, kila hatua ina kiboko chake na ule msawazo wa kucheza hatua moja bila kubahatisha unapotea. Halafu 2002 Steven van Enk na Rob Pike wakauliza swali ambalo mimi naona ndilo lenyewe: kama unaweza kuiandika ile hatua ya tatu kama mstari wa tatu kwenye jedwali la kawaida la pointi, na unaweza, nilichoeleza hapo juu ndio mstari wenyewe, basi si umewapa wafungwa mchezo mwingine? Wale wa mwanzo, wenye hatua mbili, bado wanasalitiana vilevile.

Na kuhusu mikataba umejijibu bila kujua. Refa anayeaminika na wote, anayeshika chembe mwanzo na mwisho, anayelipa pointi kama zilivyoandikwa... ukishampata huyo unahitaji kwanta ya nini, waandikishe mkataba tu awalinde.

Kwa hiyo Mwalimu unasema yote ni kiini macho? Hakuna mchezo hata mmoja ambao kwanta inasaidia bila kubadilisha kanuni?

Upo! Na huu ndio ningependa watu waujue kabla ya ile mingine. Unatokana na kazi ya John Bell ya 1964 na ya Clauser, Horne, Shimony na Holt ya 1969. Wachezaji wawili wako timu moja, wanashindana na refa. Wanaruhusiwa kupanga mbinu kabla, baada ya hapo wanatenganishwa, hamna kuongea. Refa anampa kila mmoja kadi, nyeupe au nyekundu, kwa nasibu. Kila mmoja anajibu ndiyo au hapana. Kanuni: majibu yafanane, isipokuwa wote wawili wakipata nyekundu, hapo lazima yatofautiane.

Jaribu kupanga mwenyewe, chukua karatasi. Tuseme ukiona nyeupe unajibu ndiyo. Mwenzako lazima afanane na wewe akiwa na nyeupe, kwa hiyo ndiyo, na akiwa na nyekundu pia, ndiyo. Sasa wewe ukipata nyekundu lazima ufanane na nyeupe yake, ndiyo tena. Basi mmepata nyekundu wote, mmejibu ndiyo ndiyo, mmeanguka. Anza na hapana utafika palepale. Hali ziko nne, mtashinda tatu tu, asilimia 75, na hata mkirusha sarafu au mkiingia na daftari zima la mbinu hamuwezi kuvuka hapo.

Wape sasa kila mmoja fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja kati ya mbili zilizofungamana. Kila mmoja anapima yake kwa kifaa kilichowekwa kwenye pembe fulani, na kipimo ndicho kinachompa ndiyo au hapana. Wewe ukiona nyeupe unapima kwa nyuzi 0, ukiona nyekundu unapima kwa nyuzi 45. Mwenzako nyeupe anapima kwa 22.5, nyekundu kwa 22.5 upande wa pili wa sifuri. Hesabu tofauti ya pembe zenu: katika hali tatu ni 22.5, na ile ya nyekundu kwa nyekundu ni 67.5. Fotoni zilizofungamana hivi zinatoa jibu moja mara nyingi pembe zikikaribiana na majibu tofauti mara nyingi zikiachana, na ukimaliza hesabu mnashinda takriban asilimia 85.4 ya michezo. Boris Tsirelson alithibitisha mwaka 1980 kwamba hata kwanta haipiti hapo.

Hapa hakuna aliyeongezewa hatua. Refa haoni chembe wala hajali, anapokea ndiyo na hapana kama kawaida. Kilichobadilika ni walichobeba mfukoni, na huo ndio mstari ninaouchora mimi kati ya kwanta yenye faida ya kweli na kwanta ya kuongeza mstari kwenye jedwali. Tena sio nadharia tupu, 2015 majaribio ya jambo hili yakafanyika yakiziba mianya yote mikubwa (njia za kudai kwamba matokeo yana maelezo ya kawaida) kwa pamoja, moja huko Delft, Uholanzi, vifaa vikiwa umbali wa kilomita 1.3, na Nobel ya fizikia ya 2022 ikaenda kwa Aspect, Clauser na Zeilinger kwa kazi za mstari huuhuu.

Kama mwenzangu ana chembe iliyofungamana na yangu si naweza kumtumia ujumbe papo kwa papo?

Hapana. Ukipima unapata ndiyo au hapana kwa nasibu, na yeye akiangalia za kwake peke yake anaona nasibu vilevile, ufanye chochote upande wako. Mfanano unaonekana mkishakutana kulinganisha karatasi. Kwa hiyo faida yake ni kuratibu, sio kuongea.

Na kuratibu bila kuongea sio kitu kidogo. Robert Aumann alishaonyesha tangu 1974 kwamba ishara ya pamoja inaweza kuwapeleka wachezaji mahali ambapo kila mmoja akiamua kivyake wasingefika, kama taa za barabarani zinavyoamua nani apite njia panda bila madereva kujadiliana. Chembe zilizofungamana ni ishara ya namna hiyo ila inafanya na ambayo taa haziwezi. Fikiria mashine mbili ziko kilomita 3,000 mbali, mwanga wenyewe unachukua milisekunde 10 kufika, na kila moja lazima iamue ndani ya milisekunde 1 kwa taarifa iliyo nayo pale ilipo. Kuulizana haiwezekani. Hapo ndipo naona matumizi ya kweli yanaweza kuja siku moja, kwenye matatizo ya timu moja kugawanyika na muda kuwa mfupi kuliko safari ya mwanga.

Dada yangu ni mwanasaikolojia anasema binadamu wanaamua kikwanta. Ina maana ubongo wetu ni kompyuta ya kwanta?

Dada yako ana hoja, ila usiipeleke huko. Mwaka 1992 Eldar Shafir na Amos Tversky waliwachezesha watu ule mchezo wa wafungwa. Walioambiwa mwenzao kasaliti, asilimia 3 tu ndio walishirikiana, yaani hawakusaliti. Walioambiwa mwenzao kashirikiana, asilimia 16. Ambao hawakuambiwa kitu? 37! Sasa kaa chini uitazame, mwenzako kafanya moja kati ya hayo mawili, hakuna la tatu, kwa hiyo hesabu ya kawaida ya uwezekano inadai jibu liwe kati ya 3 na 16. Likaruka nje kabisa.

Watu kama Jerome Busemeyer wakachukua hesabu ya kwanta, ambamo uwezekano mbili zinaweza kuingiliana kama mawimbi, ikaielezea ile 37. Ni hesabu tu wameazima, wao wenyewe hawadai kuna chembe zilizofungamana kichwani. Wengine wanaelezea jambo hilohilo bila kwanta, kwamba mtu asipojua mwenzake kafanya nini hajisumbui kufikiria kila tawi mpaka mwisho, anatumaini tu mema. Mimi bado naegemea huku, maana ni rahisi zaidi.

Kuna jamaa wanauza programu ya simu ya kufanya maamuzi ya uwekezaji kwa "mkakati wa kwanta", eti inalishinda soko kwa sababu inaona njia zote kwa wakati mmoja. Ninunue?

Usinunue. Simu yako haina kubiti hata moja, na hiyo ya kuona njia zote kwa wakati mmoja ni maneno ya tangazo, ukipima unapata jibu moja tu. Ukitaka kuwabana waulize mambo haya tu: chembe zilizofungamana ziko wapi, anayeshika nyingine ni nani, na soko limekubali lini kucheza kwa kanuni zao? Kwenye mchezo wa kadi hapo juu wale wawili walikuwa timu moja na walikubaliana kabla. Anayekuuzia hisa upande wa pili hajakubaliana na wewe kitu.