Kabla hujaandika 100, chovya kipimajoto

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha fizikia hapa Mbeya, jaribio la joto mahususi la shaba lilininyima raha. Vitabu vinasema kilo moja ya shaba inahitaji jouli 385 hivi ili ipande nyuzi moja. Tunachemsha kipande cha shaba ndani ya maji, tunakitumbukiza kwenye maji baridi, kisha tunapima maji hayo yamepanda nyuzi ngapi. Wanafunzi wangu walipata 360, mwaka hadi mwaka, nami nikawaambia joto limepotelea hewani. Niliwapotosha, na bado inaniuma.

Siku moja binti wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, mbona sote tunaandika nyuzi 100 na hakuna aliyepima?" Tukachovya kipimajoto kwenye maji yanayotokota: 94. Nikaleta kingine, 94 ileile. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka mapema kuliko Dar es Salaam.

Angalia tofauti yake. Shaba gramu 200, maji gramu 150 yaliyopanda kutoka nyuzi 22 hadi 30: maji yamepokea jouli 5,040. Gawa kwa kilo 0.2 za shaba, kisha kwa nyuzi 70, ukiamini shaba ilishuka kutoka 100 hadi 30: 360. Gawa kwa 64, ambazo ndizo ilizoshuka kweli: 394.

Sasa imezidi kidogo, na hapo nilijifunza la pili. Shaba ikitoka kwenye sufuria hubeba matone. Nusu gramu tu ya maji ya nyuzi 94 inaongeza jibu lako kwa kama 10, maana maji hubeba joto mara kumi na zaidi kuliko shaba ya uzito uleule. Ishike kwa uzi, ikung'ute mara moja juu ya sufuria, itumbukize papo hapo. Usiifute kwa kitambaa taratibu, itapoa mkononi mwako.

Tumia kikombe chepesi cha povu, koroga polepole, soma kiwango cha juu kabisa. Na maji yaanze yakiwa baridi kuliko chumba: mchana ule wa Oktoba darasa lilikuwa na nyuzi 26, tukaanzia 22 na kuishia 30. Joto lililoingia mwanzoni karibu lilifidia lililotoka mwishoni.

Ubaoni kwangu sasa, nafasi ya nyuzi za maji yanayochemka inabaki wazi mpaka mwanafunzi apime.