Jibu: Vituo viwili Riat, virushe pamoja au kwa zamu?

Omera, umeuliza kama vituo vyako viwili vya intaneti isiyo na waya kwenye mlima wa Riat, Kisumu, kila kimoja na antena nne, virushe pamoja au vipokezane zamu, maana jioni wateja wa mtaa wa Kondele wanalia.

Kwanza, antena ya ziada si bomba la ziada. Ina kazi mbili: kubeba mkondo wa data, au kuzima mawimbi yako yasimfikie mteja wa jirani, yaani wa kile kituo kingine. Ukitaka kumlinda mteja wa jirani mwenye antena mbili, zako mbili zimeshaliwa. Zinabaki mbili za mteja wako. Ukienda kwa zamu, hizo nne zinahudumia wateja wako wawili kwa mpigo, ila nusu ya muda. Ukihesabu mikondo, ni sare: miwili muda wote, au minne nusu ya muda.

Kinachoamua ni upande aliko mteja. Kutoka pale mlimani, Kondele na Manyatta ziko karibu upande mmoja, na ukiwarushia wote wawili kwa wakati mmoja, nguvu nyingi inaishia kuwatenganisha. Kasi inaanguka hata kama mita inasoma ishara nzuri. Mteja wa Kondele mpange pamoja na wa Otonglo, aliye upande mwingine, wa Manyatta angoje milisekunde zake chache.

Kuzimiana kati ya vituo kunataka mambo mawili: saa zao zilingane, na vipimo vya mawimbi viwe vipya. Kama havijaunganishwa kwa waya, mimi ningeshika zamu tu. Na punguza nguvu ya kurusha! Nani aliwaambia mfungulie yote?