Muulize Fundi: Vioo vya Datsun vimegoma, nifunge vya umeme?

Mbukwenyi wasomaji. Wiki hii maswali ya milango yamekuja mengi, nimechukua mawili, la kwanza nimelipa nafasi kubwa maana lina utamu wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba kaniachia Datsun 240Z ya 1972, ilikuwa imelala bandani huku Kikuyu miaka na miaka. Injini tumeiamsha inanguruma safi ila vioo ndo kichomi. Cha dereva nikizungusha kinapanda mpaka nusu halafu kinalala upande kinakwama, nikilazimisha nasikia kraa kraa ndani ya mlango. Cha abiria mkono wa kuzungushia unazunguka bure kabisa, kioo hakitikisiki. Fundi wa mtaani kasema mashine zote mbili za kupandishia vioo zimekufa, anataka kunifungia za umeme za Corolla. Nikubali? Maana kwa vumbi la huku ukiendesha vioo wazi unafika kazini kama umetoka machimboni. — Msomaji, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na hongera, hiyo ni gari ya heshima. 240Z ndo ilichukua ubingwa wa mashindano ya Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikachukua tena 1973 na Shekhar Mehta, wazee wa enzi hizo waulize watakuhadithia mpaka usiku. Sasa mtu anakuja na drili anataka kutoboa mlango wake aweke mota ya Corolla! Usikubali. Mashimo hayafungiki, waya za gari ya umri huo hazikupangiwa mzigo wa mota mbili, na siku ukitaka kuuza mwenye macho ataangalia milango kwanza.

Tuanze na cha abiria maana naona ni chepesi. Mkono ule umeshikwa kwa nyuma na klipu ndogo yenye umbo la U, chukua kitambaa chembamba kirefu kipitishe kati ya mkono na kava la mlango, vuta huku na huku mpaka klipu ichomoke, na uzibe kwa kiganja maana inaruka na ikiangukia kwenye mchanga umeipoteza. Chungulia meno ndani ya tundu la mkono. Mikono hii ni ya chuma laini na shafti ya mashine ni chuma kigumu, kwa hiyo anayeisha kwanza ni mkono. Shika shafti kwa plaizi, izungushie kitambaa usiichune, zungusha taratibu. Kioo kikisogea basi mashine ni nzima na unachohitaji ni mkono mwingine tu, fundi wako alitaka kukuuzia mota mbili kwa ajili ya kipande kinachoingia mfukoni.

Cha dereva kina kazi. Toa kava, libenue karibu na kila klipu sio katikati, ile hadibodi ya zamani ikipasuka haiungi. Toa nailoni ya nyuma yake, mulika tochi. Utaona mkono wa chuma wenye rola mwishoni, rola inatembea kwenye mfereji ulio chini ya kioo, na upande wa pili kuna gia ya nusu duara inayosukumwa na gia ndogo ya shafti. Sasa usifungue mashine mlangoni bado. Ichomoe kwenye kioo, halafu sukuma kioo kwa mikono miwili juu na chini. Kikiwa kizito hivyo hivyo bila mashine basi ugonjwa uko kwenye reli, yani ule mpira wenye manyoya umekauka na kujaa vumbi, na hakuna mashine, iwe mpya iwe ya umeme, itakayodumu hapo. Mimi naona milango mingi ya Dodoma inafia hapa, meno yanaliwa kwa sababu ya reli, halafu lawama anabebeshwa gia.

Kioo kikiwa huru, kimeachana na mashine, kipandishe juu kabisa ukibane kwa tepu ya karatasi pitisha juu ya fremu, kisije kikakushukia vidoleni. Halafu fungua mashine, ila kuna springi bapa imejikunja, kazi yake kusaidia kuinua uzito wa kioo, na ikikosa kioo inatupa ule mkono wa rola kwa nguvu ya kuvunja kidole. Bana mkono na bamba lake kwa klampu kabla hujalegeza chochote, na riveti ya springi usiikate.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi ya waya mpaka ile grisi nyeusi iliyogeuka lami iishe. Rola ikiwa imeliwa upande mmoja ndo inayolaza kioo, fundi wa kuchonga atakutolea nyingine ya nailoni ngumu. Meno mawili matatu yaliyoisha yanajazwa kwa kuchomelea kisha yanapigwa tupa pole pole ukilinganisha na jirani zake. Yakiisha mengi tafuta mashine nyingine, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 sio safari ya kuogopa kwenda mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, na mashine yako mkononi, uilaze juu ya ile ya dukani uone matundu ya bolti na urefu wa mkono vinaendana. Ya kulia haiingii kushoto, usidanganywe.

Ukirudisha, grisi nyembamba kwenye meno na rola basi. Kwenye reli usipake grisi wala oili, inashika vumbi inakuwa msasa, pulizia silikoni. Bolti zifunge nusu, pandisha kioo, funga mlango, kione kimekaa sawa kote, ndo ukaze.

SWALI: Fundi, mlango wa pikapu yangu nikifunga nasikia maji yanacheza ndani. Kioo kinavuja? — Msomaji, Kondoa

JIBU: Maji kuingia mlangoni ni kawaida kaka, yanapita kando ya kioo na yanatakiwa yatoke kwa vitundu vya chini. Vyako vimezibwa na vumbi la kiangazi. Vizibue na waya kabla mvua za Desemba hazijashika, na uangalie ile nailoni ya ndani kama ipo, mafundi wengi wanaitupa halafu kava linaoza.