Njoo, vieni, venga: kitenzi kimoja cha Kitaliano kilichonitoa jasho

Bibi mmoja wa Kitaliano, mwalimu mstaafu ambaye huja Malindi kila Desemba na kuondoka masika yakikaribia, alinishika siku moja na swali. "Kusoma, soma. Kupika, pika. Sasa kuja mbona si ja?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jibu sikuwa nalo. Nimekua nikiitwa njoo, nami nikiita wenzangu njooni, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba neno hilo halifanani na mama yake. Na nenda je? Na lete? Bibi akafunga daftari lake la Kiswahili akaniambia, "Haya. Basi usije tena kunililia habari za venire."

Nilikuwa nimemlilia kweli. Venire ndiyo kuja kwao, na kinapinda kama njia ya ng'ombe.

Kitaliano changu ni cha bichi. Nilianza kukiokota nikiwa kijana, nikifuata boti za kwenda kuangalia matumbawe, na kwa miaka mingi kitenzi kwangu kilikuwa na umbo moja tu: io venire domani, tu venire con me, ieri io venire. Kesho, leo na jana, venire ni ile ile. Kilitosha. Mgeni anaelewa, anacheka, analipa. Sikidharau Kitaliano hicho, kimesomesha watoto wengi hapa mjini. Lakini nilipotaka kufanya mtihani wa CILS, ule unaotungwa na chuo kikuu cha wageni cha Siena, nikafungua kitabu cha sarufi nikakuta hali saba za kitenzi, na hali moja tu, indicativo, ile ya kueleza mambo yalivyo, ina nyakati nane. Nikaanza kukariri jedwali kama mtoto wa madrasa. Wiki tatu, nikajaza daftari zima, na mdomoni halikutoka neno.

Kilichonizindua ni herufi moja. Tulikuwa na familia ya kupeleka Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, safari ya kutoka alfajiri. Usiku nikaandika kwenye WhatsApp, nikijiona msomi: Verremmo a prendervi alle 5. Jibu likarudi: Verreste, ma...? Sikuelewa. Ma nini tena? Nikaweka simu chaji nikalala. Saa kumi na moja alfajiri tunapiga honi nje ya geti, nyumba nzima giza. Baba mwenye familia akatoka na kikoi, macho mekundu, akasema walikuwa wanasubiri niwaambie kuna tatizo gani.

Verremo, m moja, ni tutakuja. Verremmo, m mbili, ni tungekuja. Nilikuwa nimewaandikia "tungekuja kuwachukua saa kumi na moja". Hata wewe ukipata ujumbe kama huo kwa Kiswahili utauliza: lakini?

Masikio yetu hayakuzoea konsonanti ya kukaza hivyo, kwa hiyo zoezi langu la kwanza ni hili: sema mmoja, usikie jinsi midomo inavyofungwa na kutulia kabla ya kuachia. Utulivu huo ndio unaoutaka ndani ya verremmo. Ukiuruka, unaahidi. Ukiuweka, unasitasita.

Baada ya aibu ile niliachana na jedwali. Badala yake nilichukua maneno matano nikayafanya nguzo: vengo, vieni, verrò, venni, venuto. Yaliyobaki ni kuezeka tu. Vengo, nakuja, inazaa vengono, wanakuja, na ukoo wote wa venga. Vieni, unakuja, inazaa viene. Veniamo na venite zinatoka moja kwa moja kwenye venire, hazina ujanja, na venivo, nilikuwa nikija, nayo vilevile. Verrò, nitakuja, inabeba wakati ujao wote na pia verrei, ningekuja. Venni nitaigusa mbele. Venuto inabeba nyakati zote za maneno mawili: sono venuto, nimekuja au nilikuja, ero venuto, nilikuwa nimekuja, na kuendelea. Angalia kwamba ni sono, ya kitenzi cha kuwa, si ho, ya kuwa na. Mabichi boi wengi husema ho venuto, nami nilisema hivyo hadi ndevu zikaota. Na mwanamke husema sono venuta, wanawake wakiwa wengi siamo venute. Kwa mtu aliyelelewa na ngeli, kupatanisha hakupaswi kumtisha. Ni kukumbuka tu kwamba hapa kinachotazamwa ni jinsia.

Mbona verrò na si venirò? Swali hili lilinisumbua hadi nikaona lugha yetu nayo hufanya mambo hayo. Ile i ya katikati ilimezwa zamani, n ikagongana na r. Kwetu n ikigongana na r tunapata nd: mti mrefu, lakini njia ndefu. Wao wameitupa n wakakaza r. Ukishaiona hiyo, tenere inakuja bure: tengo, tieni, terrò, tenni, tenuto. Nguzo zile zile, umebadilisha herufi ya kwanza.

Kuna mtego ambao vitabu vinaupita haraka, na kwetu ni mkubwa: mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdomo wangu ulisema vengóno na vennéro, na Mtaliano akawa ananitazama kama ninayeimba. Ni véngono, véngano, vénnero, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Na verrò, verrà zinapigwa mwishoni kabisa, ndiyo maana zimevaa alama ile juu. Jirekodi kwenye simu ujisikilize. Utajichukia siku mbili za kwanza.

Sasa congiuntivo, jina linalowakimbiza watu darasani. Mswahili asikimbie, anayo nyumbani. Nataka aje: ile e ya mwisho inafanya kazi gani? Huwezi kusema nataka anakuja. Basi Mtaliano naye hasemi voglio che lui viene, anasema voglio che lui venga. Mwambie aje, ni lazima tuje, afadhali wasije: popote Kiswahili kinapodai e, jaribu venga kwanza, mara nyingi utapatia. Tunapoachana ni kwenye kudhani. Sisi husema nadhani anakuja, kawaida tu, lakini wao wakidhani au wakiamini bado wanavaa congiuntivo: penso che venga. Mimi nilibandika karatasi ukutani, penso che, credo che, kwa sababu hapo Kiswahili hakikusaidii.

Na kwenye kama ndipo tunapoanguka wote. Ungekuja kesho, ningekupeleka Watamu. Nge huku, nge kule, mizani imekaa sawa. Nikahamisha mizani hiyo nzima: se verresti domani, ti porterei a Watamu. Bibi alifumba macho kama aliyetiwa ndimu. Kwa Kitaliano upande wa se, yaani kama, hauchukui condizionale, ile ya verrei, unachukua congiuntivo imperfetto: se tu venissi domani, ti porterei a Watamu. Alinifariji kwamba watoto wa kwao nao hukosea papo hapo na hukaripiwa. Nilichofanya ni kuandika sentensi kumi za nge mbili, kila moja kitu ninachowaambia wageni kweli, kisha kila nge ya kwanza nikaigeuza -ssi na ya pili -rei. Kwa yaliyokwisha kupita, ngali: ungalikuja jana, ningalikupeleka, se fossi venuto ieri, ti avrei portato. Siku niliyoweza kumwambia mgeni aliyekosa pomboo sentensi hiyo bila kusimama katikati, nilijinunulia soda.

Passato remoto, wakati uliopita wa mambo yaliyokwisha kabisa, ile venni, venisti, venne, venimmo, veniste, vennero, usiipe muda mwingi kama unazungumza na watu wa Milano. Watu wa kaskazini mdomoni hawaitumii sana, wanasema sono venuto hata kwa mambo ya kale. Utaikuta zaidi kwa watu wa kusini, na kwenye vitabu vya historia. Kariri ile ya mimi, ya yeye na ya wao, ndizo zilizopinda, tatu nyingine zimenyooka. Mimi niliikariri kwa hadithi ya nyumbani: katika miaka ya 1960 gli italiani vennero a Ngomeni, Waitaliano walikuja Ngomeni, wakaweka jukwaa lao la kurushia roketi la San Marco baharini kaskazini mwa Malindi. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Marekani tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Vennero haijanitoka tena. Trapassato remoto, fui venuto, jua tu kwamba ipo, kisha iache ilale.

Amri nimeiweka nyuma kwa sababu ndiyo iliyonitia haya. Nilikuwa ngazini kwenye boti, maji yamejaa, mama wa makamo anashuka ufukweni na kofia yake kubwa. Nikaita kwa furaha, "Vieni, vieni!" Akasimama. "Ci conosciamo?" Tunajuana? Vieni ni ya rafiki, mtoto, mke wako. Mtu usiyemjua, hasa mkubwa wako, anaambiwa venga, ile ile ya congiuntivo. Nikiitafsiri moyoni naisikia kama tunavyosema kwetu "uje, mama, upite", si "njoo". Wengi wakiwa pamoja, venite inatosha. Ukikataza rafiki, unarudi kwenye jina lenyewe la kitenzi: non venire. Hapo tu ndipo Kitaliano cha bichi kilikuwa sahihi muda wote.

Mwisho kuna kazi ya venire isiyohusu kuja kabisa. La porta è chiusa, mlango umefungwa, ndivyo ulivyo sasa. La porta viene chiusa alle sei, mlango unafungwa saa kumi na mbili, kuna mtu anakuja na ufunguo. Kitabu kinaeleza kwa ukurasa mzima jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa -me- na -na-. Inatumika kwenye nyakati za neno moja tu: viene, veniva, verrà. Huwezi kusema è venuta chiusa.

Msimu uliopita niliandika ubao mpya wa boti kwa chaki: Il pranso viene servito sulla spiaggia, chakula cha mchana kinaandaliwa ufukweni. Bibi alipita na mkoba wake wa sokoni, akausoma wote, akarudi hadi kwenye viene, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniomba chaki, akafuta s ya pranso kwa kidole akaandika z.