Matanga yameanuliwa, mbona ndio kwanza nalia?

Maswali ya leo yote yanatoka kwa wafiwa, au kwa watu wanaoishi na mfiwa. Nimeyafupisha na kuacha majina. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanahitaji hivyo.

Shikamoo mama. Mume wangu alifariki ghafla kwa presha, sasa ni miezi mitano. Eda nimemaliza. Wakati wa msiba sikulia sana, watu walishangaa. Sasa hivi nalia hovyo, hata sokoni. Shemeji zangu wanasema nimechelewa, huu ni wakati wa kujikaza nilee watoto. Je, naumwa? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huumwi, wala hujachelewa. Siku za msiba hukuwa na nafasi ya kulia. Nyumba imejaa, majamvi yametandikwa mpaka barazani, huyu anauliza mchele uko wapi, yule anataka namba ya mjomba wa Lushoto, na wewe umekaa katikati unapokea mikono ya watu. Tena kifo cha ghafla humtia mtu ganzi. Wengi husema walimzika mtu wao kama wanaota. Kisha hitima inasomwa, wageni wanapanda magari, na jioni moja unapima mchele wa watu watano kama ulivyozoea, ndipo unakumbuka kuwa mmebaki wanne. Kwa mfiwa, msiba wenyewe huanzia hapo.

Eda uliyokaa, miezi 4 na siku 10, ni hukumu ya dini na ina mwisho wake. Haikuwekwa ili kukupangia siku ya kuacha kumlilia mumeo. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi mbele ya watu, na alipoulizwa akasema hiyo ni rehema. Waambie shemeji zako hivyo, kwa heshima. Na kama wanajali malezi ya watoto, kazi ipo: mmoja ashughulikie ada ya shule, mwingine akusindikize kufuatilia cheti cha kifo na kufungua mirathi mahakamani. Haya humwangukia mjane wakati hata kukumbuka alikoweka kitambulisho chake ni shida, na kusahau huko nako ni sehemu ya huzuni.

Wala usijilaumu ukijikuta unacheka. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo analia, kesho anahangaika na biashara na watoto, keshokutwa analia tena. Mfiwa anahitaji yote mawili.

Tangu mama afariki nasikia kandambili zake koridoni alfajiri, muda aliokuwa anaamka. Jirani anataka nipelekwe kwa mganga. Sijamwambia mtu mwingine. (Kijana, Morogoro)

Hela yako usiipeleke huko. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti wa wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumwona au kumsikia mwenzao aliyekufa, au kuhisi kuwa yupo nao. Wengi wao walikuwa hawajamwambia mtu yeyote, kama wewe. Umeamka na kandambili hizo miaka yote. Masikio hayawezi kuziacha kwa mwezi mmoja. Zikikufariji, zipokee. Ila ukianza kusikia sauti inayokuamuru ujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanangu ana miaka mitano. Tulimwambia baba yake amesafiri kwenda Dar. Sasa kila basi likisimama anakimbilia barabarani kumtafuta. Nimwambieje? (Mama, Dodoma)

Mwambie leo, na ukweli wote. Najua mlimficha kwa huruma. Lakini mtoto aliyeambiwa baba kasafiri hana huzuni ndogo kuliko ya kwako. Ana huzuni ya kungoja, na kadiri siku zinavyopita anaanza kujiuliza kwa nini baba hampigii simu, pengine yeye alimuudhi.

Mkalishe mahali palipotulia, awe karibu na mtu anayemzoea. Tumia neno lenyewe: "Baba amekufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Tulikwambia amesafiri kwa sababu tuliogopa utaumia." Usiseme amelala, maana ataogopa kulala, au ataogopa wewe ukilala. Na "Mungu amemchukua" peke yake humfanya mtoto amwogope Mungu. Kama ni imani yenu, mwambie kwanza kwamba baba amekufa, halafu mwambie mnaamini yuko wapi.

Ataweza kulia kidogo kisha akaomba kwenda kucheza. Mwache aende. Watoto huingia na kutoka kwenye huzuni, na wakubwa hudhani hawajaelewa. Kesho atauliza tena, "Baba anakuja lini?" Katika umri wake bado hajashika kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo mjibu kwa maneno yale yale, bila kumkaripia. Mambo mawili mwambie hata asipouliza: kwamba si yeye aliyesababisha, na nani atamlisha, atamvalisha na kumpeleka shule. Mpeleke kaburini kama anataka. Na ndugu wote wapewe maelezo hayo hayo, asije bibi akarudisha hadithi ya safari.

Nimesoma kuna hatua tano za huzuni: kukataa, hasira, kujadiliana, simanzi na kukubali. Mimi nina hasira tu, tena namkasirikia marehemu. Baba alificha kisukari chake mpaka mguu ukaoza. Ni mwaka sasa. Nimekwama? (Kaka, Mwanza)

Hujakwama, kaka yangu. Hatua hizo ziliandikwa na Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si kwa wafiwa. Zimesambaa mno hadi watu wanazitumia kama ratiba, na wengine wanajiona wamefeli msiba. Wapo wanaopitia mbili, wapo wasiopitia hata moja.

Kumkasirikia marehemu kunatisha kwa sababu kwetu maiti hasemwi. Lakini ungekuwa humpendi usingekasirika. Mwandikie barua. Mwambie ulivyouona mguu ule, na ulivyotaka akuamini. Kisha nenda kapime sukari, wewe na ndugu zako, maana ugonjwa huo hufuata familia, na usiwafiche watoto wako majibu.

Assalaam aleikum. Nafanya kazi za ndani Muscat. Mama alikufa Unguja asubuhi, akazikwa kabla ya magharibi. Mwajiri hakuniruhusu kuondoka, nikaangalia mazishi kwenye simu chooni. Naona kama sijamzika. (Binti wa Unguja)

Waaleikum salaam binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Dada na kaka zako walikuwa na jeneza la kulisindikiza na majirani wa kulia nao. Wewe ulikuwa na kioo cha simu na kazi iliyokungoja nje ya mlango.

Bado kuna unaloweza kulifanya. Mtume akiwa Madina alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia mbali. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, swala ya maiti asiye mbele yako inaruhusiwa. Muulize mtu wa elimu akuelekeze. Huko Muscat wanaozungumza Kiswahili ni wengi. Ukipata siku ya mapumziko, tafuta hata wawili watatu mkae, msome, umtaje mama kwa jina. Umwombe pia aliyemuuguza akurekodie sauti: siku za mwisho mama alikula nini, alisema nini, nani alikuwepo. Aliyekosa mazishi hukosa pia masimulizi yale ya matanga, na anayahitaji. Ukirudi nyumbani usikubali kuambiwa "hayo yamepita". Kaa nao, ulie msiba wako.

Mdogo wetu alizama ziwani miaka miwili iliyopita. Mama hatoki ndani, hali vizuri, analaza nguo za marehemu pembeni yake. Juzi alisema afadhali amfuate. Wazee wanasema ni uchungu wa uzazi, utaisha. (Dada, Kigoma)

Swali hili ndilo lililonikosesha raha, kwa hiyo nianze na la haraka. Leo hii muulize waziwazi: "Mama, ukisema umfuate, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, humpa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, asiachwe peke yake hata usiku. Dawa za shambani na vidonge vyote viondoke nyumbani, kisha mpelekeni hospitali.

La pili, wazee wenu wanakosea. Kumlilia mtoto miaka mingi si ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa unaotumika tangu 2022, linatambua huzuni iliyopitiliza: inazidi miezi 6 na kuvuka desturi za jamii ya mfiwa, hamu ya marehemu haipungui, na maisha yanasimama. Mama yenu yuko huko, na yawezekana ana sonona pia. Inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine kwa dawa. Anzeni hospitali ya wilaya, ombeni kitengo cha afya ya akili, na kama hakipo ombeni rufaa. Kanisani au msikitini aendelee kwenda, havigombani na matibabu. Nguo za mtoto msimnyang'anye.

Mwenzangu kazini amejifungua mtoto aliyekufa. Nilimwambia atapata mwingine, akaniangalia tu. Nimrudie vipi? (Nakuru)

Mrudie hivi hivi: "Nilikosea kusema vile. Pole kwa mtoto wako." Kisha muulize kama walimpa jina, na akikutajia, litumie. Wanawake wengi katika hali hii huambiwa wasilie, eti mtoto hakuonekana, ilhali maziwa yanawatoka na nguo za mtoto ziko kwenye begi la hospitali. Usimwambie "ukihitaji kitu niite", kwa sababu hataita. Mwambie Jumamosi saa nne unakuja kufua, na uende na sabuni.