Jiko la peleti linazima lenyewe: kabla ya kununua ubao wa umeme, fuata majivu yalikokwenda

Mkuu, pole na baridi. Nimekuelewa hivi: umenunua nyumba hapo Lewiston, jimbo la Maine, ukalikuta sebuleni jiko la peleti (vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) na huu ndio msimu wako wa kwanza nalo. Linawaka vizuri, ila baada ya robo saa hivi moto unalegea, unageuka rangi ya chungwa na ncha nyeusi, kioo kinajaa masizi, mwisho linazima na kuwasha taa nyekundu. Fundi amekwambia kwa simu kwamba ubao wa umeme unaoendesha jiko umekufa, uandae mamia ya dola.

Usitoe hela bado. Ubao ukifa mara nyingi jiko haliwaki kabisa, au feni zinafanya vituko vyake. Moto wa chungwa unaojivuta na kioo cheusi ni dalili ya hewa kutopita, na kwenye jiko lililotumika miaka na mtu usiyemjua, hewa haipiti kwa sababu ya majivu. Mimi nipo Maine hii hii, natumia jiko la aina hiyo tangu nihamie huku, na nimeshafungua ya majirani pia. Hadithi ni ileile.

Tazama linavyofanya kazi. Peleti zinatoka kwenye sanduku la juu, skrubu ndefu inayozungushwa na mota ndogo inazidondosha kwenye bakuli la moto kidogo kidogo. Feni ya moshi haipulizi moto, inavuta. Imekaa upande wa kutokea, inanyonya hewa kutoka nje, ipite chini ya bakuli kwenye vile vitundu, izunguke nyuma ya vibao vya chumba cha moto, ndipo itoke kwa dohani. Pembeni kuna swichi ndogo iliyounganishwa na mpira mwembamba, kazi yake kupima huo mvuto. Mvuto ukipungua, swichi inakata umeme wa skrubu, peleti hazidondoki, moto unakufa. Kwa hiyo jiko lako linafanya kile lilichoundwa kufanya: linakataa kuwaka bila njia ya moshi. Feni ya pili, inayokupulizia joto sebuleni, haihusiki na kesi hii.

Sasa piga hesabu. Peleti za daraja la juu hapa Marekani zinaruhusiwa kuacha majivu yasiyozidi asilimia 1. Tani ya hapa ni mifuko 50 ya paundi 40, yaani kilo 900 na ushee, kwa hiyo tani moja inaweza kukuachia hadi kilo 9 za majivu. Aliyekuwa na nyumba kabla yako kachoma tani ngapi? Na je, alikuwa anamwaga trei ya chini tu? Wengi ndivyo wanavyofanya. Yale majivu mepesi hayaanguki kwenye trei, yanapeperuka na moshi na kutulia kwenye kona ambazo huzioni.

Zima, liache lipoe kabisa usiku mzima, chomoa waya ukutani. Usitumie mashine yako ya kawaida ya kufyonza vumbi la zulia. Kaa dogo linaweza kuishi ndani ya majivu hata zaidi ya siku nzima, likiingia kwenye mfuko wa ile mashine ukalisahau kwenye kabati, utaamshwa na king'ora. Halafu majivu haya ni laini mno, yanapenya kichujio na kukurudia chumbani. Zipo mashine za majivu zenye pipa la chuma, nunua au azima.

Toa bakuli la moto. Lile linainuka tu kwenye majiko mengi. Chini yake utakuta ukoko mgumu, wakati mwingine unang'aa kama chupa. Huo unatokana na mchanga na uchafu ulio ndani ya peleti ukayeyuka kwa joto. Ukwangue kwa bisibisi, kisha chukua msumari uzibue kila kitundu. Kila kimoja, hata kile kinachoonekana wazi. Liinue mbele ya taa uone mwanga unapita kwenye vitundu vyote. Hili la bakuli ni la kila siku mbili tatu wakati wa baridi kali, na ni dakika tano.

Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe. Vile vibao vya nyuma ya chumba cha moto, vinavyofanana na ukuta wa matofali, vinatoka. Kuna skrubu mbili au vishikio, inategemea jiko, kitabu chake utakipata mtandaoni ukiandika namba iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Ukivitoa utaona mashimo mawili, kushoto na kulia, au vifuniko vidogo. Ingiza mkono wenye glavu. Nikifungua jiko ambalo halijawahi kufunguliwa hapo, mkono unazama kwenye majivu hadi kiwiko, mepesi kama unga wa sembe, na nafasi iliyobaki ya kupitisha moshi haitoshi kidole. Fyonza yote. Gonga kuta za ndani kwa nyundo ya mpira, subiri, yatashuka mengine, fyonza tena. Rudia mpaka ukigonga hakishuki kitu. Hapa usiwe na haraka, maana hapa ndipo tatizo lako lilipo.

Kisha fungua kile kifuniko cha chini kwenye dohani, pale bomba linapogeuka kupanda juu. Weka ndoo kwanza! Pitisha brashi ya saizi ya bomba, inchi 3 au 4. Nje angalia wavu wa mdomo wa dohani, ndege na majivu huuziba. Angalia pia bomba dogo linaloingiza hewa ya nje, buibui wanalipenda hilo wakati wa kiangazi.

Watu wa huku wana ujanja mmoja, wanachukua ile mashine ya kupulizia majani, wanaiweka upande wa kuvuta, wanaibana kwenye mdomo wa dohani kule nje na kunyonya jiko zima. Inafanya kazi sana, jiko likiwa baridi na limechomolewa. Ila angalia upepo na nguo za jirani, maana litatoka wingu. Na hakikisha inavuta, kwa sababu ukikosea ukapuliza, hiyo sebule utaipaka rangi upya.

Ule mpira mwembamba wa swichi uchomoe, tundu lake upande wa jiko ulizibue kwa waya. Usipulize kwa mdomo ukiwa bado umeunganishwa na swichi, utapasua ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya swichi.

Mlango nao ujaribu: bana noti ya dola kati ya mlango na jiko, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, ile kamba ya kuziba inayozunguka mlango imechoka na hewa inaingia hapo badala ya kupita chini ya moto. Kamba ni bei ndogo, inauzwa pamoja na gundi yake ya joto. Zunguka na noti pande zote nne, upande wa bawaba na wa kitasa havichakai sawa.

Peleti nitasema kwa ufupi. Unga wa chini ya mfuko usiumimine kwenye sanduku, unajikusanya pembeni na kuziba skrubu. Mifuko ihifadhi pakavu, zikinyonya maji zinafumuka na kukaukia ndani ya skrubu, na kuitoa hiyo ni kazi ya siku nzima.

Ukiwasha tena utajua. Moto unatakiwa uwe mfupi, mkali, njano inayokaribia weupe, unarusha vicheche. Kioo kikipata ukungu wa kijivu au kahawia baada ya siku, hiyo ni kawaida, futa kwa karatasi yenye unyevu. Kama moto umekuwa mzuri lakini bado linakata, hapo ndipo tuzungumze swichi, au feni ya moshi yenyewe ambayo imechoka na inazunguka polepole. Isikilize, beringi zikiisha inalia. Ukiifungua uwe na gasketi mpya (kile kipande cha kuzibia maungio) mkononi, ile ya zamani haifai kurudishwa.

Majivu yote weka kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, juu ya zege au udongo. Kibaraza cha mbao hapana. Na kama huna king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala, kanunue leo kabla hujagusa hilo jiko, hasa kwa kuwa kamba ya mlango hatujui hali yake.

Umesema una watoto wadogo na usiku mnashuka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Fanya asubuhi ya Jumamosi, uwe na hita ya umeme ya akiba. Ukishatoa vile vibao tupia picha ya hayo mashimo mawili na ya kibandiko cha nyuma, tuone ni jiko gani na limebeba kiasi gani.